Tumbo Lililojaa Riahi na Dawa Zilizomo Jikoni

Miongoni mwa adha zinazomsumbua binadamu bila ya kumlaza kitandani, wala kumpa haki ya kuhurumiwa na jirani, ni chache zilizo za kawaida kama tumbo kujaa gesi. Kwani mwenye homa huulizwa hali, na aliyevunjika mguu hutembelewa na kuletewa uji, lakini aliyevimbiwa, ambaye mshipi umembana au kanga imemkaza kiunoni, na ambaye tumbo lake linanguruma mbele ya watu wanaostahiki taadhima, hana la kufanya isipokuwa kustahi na kunyamaza. Kwa ajili ya haya hiyo watu wengi hujitibu kwa siri, leo kwa unga wa chupa, kesho kwa majani aliyoyasifu mpita njia, ilhali sehemu kubwa ya sababu ya adha yao imo katika chungu kinachopikwa nyumbani, na sehemu kubwa ya nafuu yao imo humo humo.

Kwanza ifahamike kwamba upepo tumboni si ugonjwa. Matumbo ya mtu mwenye siha njema hutoa upepo wa kiasi cha nusu lita hata lita moja na nusu kwa siku, na kuutoa mara 10 hata 20 usiku na mchana ni kaida ya maumbile. Upepo huo una chemchemi mbili. Ya kwanza ni hewa tunayoimeza sisi wenyewe tunapokula kwa pupa, tunapozungumza na tonge kinywani, tunaponyonya kinywaji kwa mrija au kutafuna ubani wa dukani, na hewa hiyo aghalabu hurudi juu kwa mbweu. Ya pili, ambayo ndiyo hasa yenye maudhi, ni kazi ya vijidudu visivyo na idadi vinavyoishi katika utumbo mpana. Chakula ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukimeng'enya huwafikia wao, nao hukichachusha kama togwa inavyochachuka ndani ya mtungi uliofunikwa, na kutokana na mchachuko huo huzaliwa haidrojeni, hewa ya ukaa na, kwa baadhi ya watu, methani. Hewa zote tatu hazina harufu. Harufu hutokana na chembe chache za salfa zilizochanganyika nazo.

Jambo la pili la kufahamu, ambalo limewafariji wagonjwa wengi walipoelezwa, ni kwamba wapo watu ambao upepo wao si mwingi kuliko wa wenzao, bali matumbo yao ni mepesi wa kuhisi, hata kiasi ambacho mwingine hakijui kuwa kipo, wao huwatesa. Mtu wa namna hiyo si mwongo wala mwoga, na huzidi kuteseka anapokuwa na wasiwasi au usingizi mchache. Kwa hiyo kumwambia kwamba anajidekeza ni kumkosea.

Hakuna wakati ambapo adha hii hudhihiri katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga na Unguja, kama jioni za mwezi wa Ramadhani. Mtu ameshinda na saumu tangu alfajiri, tumbo lake limetulia tuli. Jua linakuchwa, adhana inasikika, na mbele yake limeandaliwa sinia lenye tende, bakuli la uji wenye pilipili manga, mihogo na magimbi ya nazi, viazi vitamu, mbaazi zilizopikwa kwa tui zito, bajia na sambusa zinazometa mafuta, tambi za sukari, na pembeni chupa ya soda iliyotoka barafuni. Katika muda wa robo saa vyote hivyo vimeingia tumboni kwa mkupuo mmoja. Tui na mafuta huichelewesha kazi ya mfuko wa tumbo. Mbaazi na viazi vitamu huwapelekea vijidudu karamu yao. Soda huongeza hewa ya ukaa iliyo tayari. Na haraka ya kula humezesha hewa nyingine. Anapokwenda kuswali tarawehe, kila rukuu humkumbusha alichokula.

Wazee waliotutangulia walikuwa na utaratibu ulio bora zaidi, nao ungali ukifuatwa katika nyumba nyingi: kufungua kwa tende chache na maji, kuiswali magharibi, kisha kurudi kula kwa utulivu. Muda huo mfupi wa swala huliamsha tumbo kabla ya kulibebesha mzigo, na mlaji hurudi na njaa iliyokwisha kupoa, hata mkono wake haukimbii tena. Mafunzo mashuhuri ya Mtume Muhammad yanayomwelekeza mtu aligawe tumbo mafungu matatu, moja la chakula, moja la kinywaji na moja la pumzi, yangetosha kuwa nusu ya makala haya. Na asiyekuwa Mwislamu naye akiyajaribu atayaona mujarabu.

Sasa tuje kwenye jamii ya kunde, maana ndizo zinazoshutumiwa kuliko vyakula vyote, na ndizo zinazoonewa. Maharage, kunde, mbaazi, dengu, choroko na njugu mawe zina sukari za namna ya rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu haukujaliwa kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hupita katika utumbo mwembamba zikiwa nzima na kuwafikia vijidudu zote. Wengi waliovimbiwa huapa kutoyala maharage tena. Uamuzi huo nauona kuwa ni hasara kubwa, kwa sababu maharage ni nyama ya mtu wa kipato kidogo, na makapi yake husaidia choo na moyo. Tena lawama aghalabu ni ya mapishi ya haraka.

Apendaye kuyapika kwa namna isiyomwadhibu na afanye hivi. Maharage yakisha kupembuliwa na kuoshwa, yalowekwe katika maji mengi, vikombe 4 kwa kila kikombe kimoja cha maharage, tangu usiku hata asubuhi, yaani saa 8 hata 12. Asubuhi atayakuta maji yamegeuka rangi na juu yake limetanda povu jepesi: humo zimeyeyukia sehemu ya zile sukari, basi ayamwage yote, asiyahurumie. Ayachemshe katika maji mapya kwa nguvu kwa muda wa dakika 10, na maji hayo nayo ayamwage. Mchemko huo una faida ya pili, kwani maharage mekundu yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka sawasawa. Ndipo atie maji ya tatu, pamoja na pingili ya tangawizi iliyopondwa na kijiko cha bizari nyembamba, na kuyaacha juu ya moto wa wastani mpaka punje moja ikibonyezwa kwa vidole viwili inapondeka bila ya kubakiza kiini kigumu. Ni kweli kwamba vitamini kidogo hupotea pamoja na maji yaliyomwagwa, lakini hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya mtu aliyeacha kula maharage kabisa.

Katika majiko mengi ya bara watu hutia magadi ili maharage yaive upesi na kuokoa kuni. Magadi yakitiwa katika maji ya kulowekea ambayo yatamwagwa, husaidia kuzitoa zile sukari. Lakini yakiachwa ndani ya chungu mpaka mwisho huiharibu vitamini B1, na kumwongezea sodiamu mtu ambaye huenda ana shinikizo la damu. Na mtu aliyekuwa hayali kabisa asianze kwa sahani tele: aanze kwa vijiko vichache, aongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa, kwani matumbo huzoea, na upepo wa wiki ya kwanza haulingani na ule wa wiki ya sita.

Baada ya kunde huja maziwa, na hapa ipo hikima ambayo historia ya watu wa Afrika Mashariki imeieleza vizuri kuliko vitabu vya mapishi. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya ambacho kila mtoto mchanga anacho, lakini ambacho kwa kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa dunia hupungua baada ya utoto. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima damu za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walitangaza kwamba jamii za wafugaji wa huku zina mabadiliko ya urithi yanayokihifadhi kimeng'enya hicho hata uzeeni, mabadiliko yaliyozuka hapa hapa Afrika, mbali na yale ya Wazungu, na ambayo umri wake ulikadiriwa kuwa kiasi cha miaka 3,000 hata 7,000, kadiri ya wakati ufugaji ulipoenea upande huu. Ndiyo maana Mmaasai aweza kuumaliza mtungi wa maziwa mabichi akaenda zake machungani, ilhali jirani yake ambaye mababu zake walikuwa wakulima au wavuvi huvimbiwa kwa bilauri moja. Mtu wa aina hii ya pili hana haja ya kuyaacha maziwa yote. Ajaribu ya mgando, kwa sababu vijidudu vilivyoyagandisha vimekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo, na husaidia kuivunja iliyobaki.

Vyakula vingine vinavyochachuka kwa wepesi ni vingi, nami nitavipitia upesi. Vitunguu maji na vitunguu thomu vinawaudhi baadhi ya watu zaidi ya maharage. Vivyo hivyo kabichi, maembe na tikiti maji yakiliwa kwa wingi, na chapati na mandazi ya ngano. Wali uliolala na ugali uliopoa una wanga uliogeuka mgumu wa kumeng'enywa, basi anayekula kiporo kila asubuhi na kulalamika kila adhuhuri na ajichunguze hapo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ndio waliovikusanya vyakula vya namna hii katika mpango mmoja wa mlo, ambao mgonjwa huviacha kwa wiki chache kisha huvirudisha kimoja kimoja ili akigundue kinachomdhuru yeye hasa. Sehemu ya kurudisha ndiyo iliyo muhimu, nayo ndiyo inayosahauliwa. Mtu hubaki ameviacha vyote, akakonda bila ya sababu. Kwa mtu wa kawaida daftari linatosha: aandike alichokula na saa aliyovimbiwa kwa muda wa wiki mbili, na mkosa atajitokeza mwenyewe.

Kuhusu mitishamba, watu wa pwani ni matajiri wa urithi. Tibu iliyokuja pamoja na vitabu vya Kiarabu, ambavyo kilele chake ni al-Qanun cha tabibu Ibn Sina kilichokamilika kiasi cha mwaka 1025, iliwafundisha watu kuvigawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, na riahi ikahesabiwa aghalabu kuwa ni zao la baridi, kwa hiyo ikatibiwa kwa viungo vya moto. Elimu ya leo haiendi kwa njia hiyo, lakini inapofika kwenye kabati la viungo inakuta kwamba wazee hawakukosea sana: mafuta mepesi yenye harufu yaliyomo ndani ya mbegu na majani hayo huilegeza misuli ya matumbo, msokoto hupoa, na upepo uliofungika hupata njia.

Tangawizi, inayostawi sana katika milima ya Upare wilayani Same, inamfaa hususa mtu anayejaa upande wa juu, chini ya mbavu, akahisi kwamba chakula kimesimama. Huko Taiwan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watu 24 wenye afya walipewa gramu 1.2 za tangawizi kavu, na matumbo yao yakapunguza nusu ya chakula kwa karibu nusu ya muda uliohitajiwa pasipo tangawizi. Kipande kibichi cha kadiri ya kidole gumba, kikiparwa, kikapondwa na kuchemshwa dakika 10, kinatosha kwa vikombe viwili. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize tabibu wake kabla ya kuifanya kuwa ada ya kila siku.

Kwa maumivu ya chini ya kitovu, yenye kusokota na kunguruma, mbegu ndizo zenye sifa: shamari, bizari nyembamba na kisibiti. Shamari imetambuliwa hata na mamlaka ya dawa ya Ulaya kwa matumizi yake ya jadi katika kuvimba tumbo na msokoto. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu zake hupondwa kidogo, kiasi cha kupasuka tu na si kuwa unga, hutiwa katika kikombe, humiminiwa robo lita ya maji yaliyochemka, na kikombe hufunikwa kwa kisahani dakika 10 hata 15. Kufunika huko si pambo. Dawa yenyewe ndiyo ile harufu, na ukiiacha ipande na mvuke umeinusisha nyumba na kulinyima tumbo; utakapokifunua kisahani utaona matone yaliyoning'inia chini yake, basi yarudishe kikombeni. Hunywewa baada ya chakula, mara mbili au tatu kwa siku.

Nanaa nayo husaidia, na mafuta ya jamii yake iliyo kali yamesifiwa na madaktari wa Marekani wa maradhi ya tumbo, katika mwongozo wao wa mwaka 2021, kwa wagonjwa wenye matumbo mepesi wa kuhisi. Nanaa inayouzwa kwa mafungu masokoni kwetu aghalabu ni ile laini, yenye nguvu pungufu, nayo ni kinywaji chema. Ila mwenye kiungulia aiepuke, kwani hulegeza pia mlango wa juu wa tumbo na kuipandisha asidi kooni. Mvuje, utomvu unaotoka Iran na Afghanistan, ambao wapishi wa Kigujarati wa Unguja na Mombasa huudondoshea katika mafuta ya moto kabla ya kutia dengu, una harufu ya kukirihisha unapokuwa mbichi, lakini ukikaangwa hugeuka kuwa mtamu. Kiasi chake ni cha ncha ya kisu, nao mjamzito asiutumie kama dawa. Karafuu punje mbili ndani ya chai zinatosha, na mafuta yake yasinywewe kamwe. Habasoda huheshimiwa kwa sababu ya hadithi mashuhuri inayoisifu, na ni kiungo kizuri cha mkate, lakini kwa shida hii mahususi siiweki mbele ya tangawizi wala shamari. Ama ndimu iliyochanganywa na magadi ya unga, ambayo wengi huinywa kwa sababu ya mbweu kubwa inayofuata, inatengeneza upepo ule ule inaoutoa.

Neno moja kwa wenye watoto wachanga. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kitu zaidi ya maziwa ya mama, na hilo ndilo agizo la Shirika la Afya Duniani. Asipewe maji ya shamari, wala mvuje, ambao kwa kichanga waweza kuiharibu damu isibebe hewa ipasavyo. Akilia kwa tumbo ainuliwe begani, apigwepigwe mgongo taratibu mpaka acheue, na mama aangalie kama kinywa cha mtoto kimelishika ziwa vizuri au kinavuta hewa pembeni.

Na baada ya kula, mtu asijilaze. Katika utafiti uliofanywa Barcelona na kuchapishwa mwaka 2003, watu walitiwa hewa polepole katika matumbo, na waliokaa wima waliitoa vizuri kuliko waliolala chali. Matembezi ya robo saa, hata kama ni ya kuzunguka ua, yana kazi kuliko vidonge vingi. Kadhalika anayefunga choo atavimbiwa hata akinywa shamari mtungi mzima, kwani njia imezibwa. Yeye aanze kwa maji, mboga za majani, mapapai mabivu na kutoizuia haja inapomjia. Sanamaki ni dawa ya siku chache, na kuitumia kila siku ni kosa.

Yote haya nimeyasema kwa ajili ya adha inayokuja na kuondoka. Lipo tumbo jingine ambalo halipaswi kupelekwa jikoni. Maumivu ya juu yasiyokoma yaweza kuwa ya bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua miaka ya 1980 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ameenea sana katika nchi zetu, hupimwa kwa choo, na huondolewa kwa dawa za hospitali, wala si kwa tangawizi. Tumbo linalokua polepole kwa mtu aliyeishi kando ya Ziwa Victoria laweza kuwa limejaa maji yaliyoletwa na kichocho cha ini. Aliyekonda bila ya kukusudia, anayeona damu au weusi kama lami katika choo chake, anayetapika kila mara, au ambaye macho yake yamegeuka manjano, asingoje. Ambaye hatoi choo wala upepo, na tumbo limekaza kwa maumivu makali, apelekwe hospitali usiku ule ule.

Na mama uliyefikia umri wa miaka 50 au zaidi, ambaye tumbo lako limeanza kuvimba karibu kila siku kwa muda wa wiki kadhaa, ukashiba kwa matonge machache na kwenda haja ndogo mara kwa mara, jambo ambalo hukulijua zamani, usikubali kuambiwa kwamba ni gesi ya uzee. Saratani ya ovari hujitokeza kwa dalili hizo hizo tulivu. Nenda ukapimwe kwa mashine ya picha, na umwombe bintiyo akusindikize.